Alaq: Neno Moja, Fasiri Mbili

Alaq ni neno la Kiarabu lililomo katika aya ya pili ya sura ya 96 ya Kurani, nalo hutaja asili ya mwanadamu. Wafasiri wengi wa kale walilieleza kuwa ni damu iliyoganda. Mwaka wa 1976, daktari Mfaransa Maurice Bucaille aliikataa fasiri hiyo, akidai kuwa kiinitete hakipitii hatua ya namna hiyo. Akateua maana ya kitu kinachoshikamana, ambayo pia imo katika mzizi wa neno.

Wapinzani wa mkondo huu humtegemea al-Shatibi wa Andalusia, aliyefariki mwaka wa 1388. Yeye alishikilia kwamba Kurani ifahamike kwa maarifa ya Waarabu walioteremshiwa. Nadharia ya sayansi ikibatilika, wao huonya, tafsiri iliyoiegemea huanguka nayo.