Kilichofutwa, Kisichofutika

Mwaka 1961, Afrika Mashariki ikikaribia uhuru, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alitoa mwongozo: serikali mpya zisirithi nyaraka ambazo zingeiaibisha Uingereza, au kuwaweka hatarini askari wake na watu waliokuwa wakiwapa habari. Maagizo ya kuziteketeza yalikuwa ya kina. Karatasi zichomwe hadi ziwe majivu, kisha majivu yenyewe yapondwe. Pasipowezekana kuchoma, zitiwe katika makasha mazito na kuzamishwa baharini, kwenye kina kirefu kisicho na mkondo, mbali na pwani.

Nyaraka nyingine hazikuchomwa wala kuzamishwa, bali zilisafirishwa Uingereza kwa siri. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza mjini London, ilibainika kwamba majalada yapatayo 1,500 ya Kenya yalikuwa yamefichwa Hanslope Park. Miaka miwili baadaye Uingereza ilikubali kuwalipa fidia watu 5,228.

Nimeanza na majivu hayo kwa sababu wakoloni walijua jambo ambalo zama za kompyuta zililisahau upesi: maandishi hayafi kwa kuondolewa machoni. Tena kisa hicho kinatuachia swali ambalo kila anayeuza kompyuta yake anapaswa kujiuliza. Anayefuta, au anayeacha kufuta, ni mmoja. Anayeumia mara nyingi ni mwingine, yule ambaye jina lake limeandikwa humo.

Diski kuu ya kwanza ya kibiashara, ile ya mtambo wa IBM RAMAC wa mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, ilizidi uzito wa tani moja, na ilihifadhi herufi zipatazo milioni tano tu. Hakuna ambaye angeibeba kwapani hadi sokoni. Suala la diski kwenda kwa mgeni na siri zake lilikua kadiri diski zilivyopungua ukubwa na bei, hadi kompyuta ikawa kitu cha kuuza kama redio.

Lakini redio haikumbuki ulichosikiliza. Kompyuta hukumbuka. Ukibonyeza "futa" na kumwaga pipa la taka, kwa kawaida mashine huondoa tu kumbukumbu ya mahali faili ilipokaa. Ni kama mkutubi aliyechana kadi ya kitabu kwenye orodha na kukiacha kitabu rafuni. Kitabu kitabaki pale hadi kingine kihitaji nafasi hiyo. Hata kufomati, neno tunalolitamka kana kwamba ni kuoga na kutakata, kwa miaka mingi kulitengeneza orodha mpya tu na kuacha vitabu mahali pake.

Mwaka 1996, Peter Gutmann wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, alichapisha makala iliyowatia watu hofu. Alieleza kwamba hata data iliyoandikiwa juu yake data nyingine huenda ikaacha alama hafifu za sumaku, ambazo mtu mwenye vifaa vya maabara angeweza kuzisoma. Akapendekeza mtiririko wa kuandika juu ya diski mara 35. Mizunguko mingi kati ya hiyo ililenga aina mbalimbali za diski za zamani. Hakuna diski moja iliyoihitaji yote. Watu hawakusoma hadi hapo. Namba 35 ikaingia kwenye programu za kufutia, na watu wakaiacha mashine ikihangaika usiku kucha. Baadaye Gutmann mwenyewe alilalamika kwamba wameigeuza kazi yake kuwa uganga wa kufukuzia pepo.

Wakati wengine wakibishana kuhusu maabara za majasusi, wanafunzi wawili wa MIT nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walifanya jambo rahisi: walinunua diski za mtumba. Kati ya Novemba 2000 na Agosti 2002 walikusanya 158. Diski 129 zilikuwa bado zinafanya kazi, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Walikuta zaidi ya namba 5,000 za kadi za mkopo, rekodi za wagonjwa na barua pepe za watu. Diski moja ilitoka kwenye mashine ya kutolea fedha jimboni Illinois, ikiwa na miamala ya mwaka mzima. Hawakuhitaji maabara ya sumaku. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Hawakuwahi kununua diski ya mtumba.

Dawa ilikuwa nyepesi kuliko hofu. Mwaka 2006, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilieleza kwamba kwa diski nyingi za kisasa za sumaku, kuandika juu ya data yote mara moja kunatosha. Mara moja, si 35. Basi wakati baadhi yetu walikuwa wakizungusha mara 35, wengi walikuwa hawazungushi hata moja.

Kisha zikaja diski za SSD, zisizo na sahani wala sumaku. Ili zisichakae upande mmoja, hizi huhamisha maandishi kila mara, kwa hiyo unapodhani unaandika juu ya faili ya zamani, mashine huenda inaandika kwingine kabisa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walizijaribu. Diski moja ilipokea amri ya kujifuta, ikajibu kwamba imemaliza, na data yote ilikuwa bado imo. Ndiyo maana leo ushauri ni kusimba diski nzima tangu siku ya kwanza. Siku ya kuagana nayo, unaharibu ufunguo, na yaliyobaki hayasomeki.

Utaalamu upo, basi. Kinachokosekana ni kujali. Mwaka 2022 benki ya Morgan Stanley ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35 nchini Marekani. Ilikuwa imekabidhi vifaa vyake vya zamani kwa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na uzoefu wa kuharibu data, na baadhi viliishia kwenye mnada wa mtandaoni vikiwa na taarifa za wateja. Wateja hao hawakuuza chochote.

Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Zote zinatambua haki ya mtu kutaka taarifa zake zifutwe. Lakini mgonjwa hajui zahanati imeuza kompyuta lini, na mwanachama wa kikoba hajui mwekahazina amebadilisha laputopu. Hawezi kudai kifutwe asichojua kipo. Kwa hiyo kabla hujapokea fedha ya mnunuzi, usijiulize tu kama picha zako umezihamisha. Hesabu ni watu wangapi wengine wamo humo ndani, ambao hakuna aliyewauliza.