Urejeshaji wa picha za kidijitali

Urejeshaji wa picha za kidijitali ni kazi ya kuzipata tena picha zilizofutwa au kusahauliwa katika kompyuta, kadi za kumbukumbu, CD na simu za zamani, au katika tovuti zilizofungwa. Tangu kamera za kidijitali zilipoenea miaka ya 2000, picha nyingi za familia hazikusafishwa kwenye karatasi wala hazina negativu. Faili likipotea, huenda picha pekee ya marehemu fulani imepotea pia.

Jinsi inavyowezekana

Kwa kawaida faili linapofutwa, data zake haziondoki papo hapo. Kompyuta huiandika nafasi yake kuwa tupu, na picha hubaki hadi faili jingine liandikwe juu yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuacha kutumia kifaa hicho.

Faili la JPEG huanza kwa baiti FF D8 na kuishia kwa FF D9. Programu za urejeshaji, kama PhotoRec iliyoandikwa na Christophe Grenier, huisoma diski nzima zikitafuta alama za namna hiyo, hata kama orodha ya mafaili imeharibika. Picha zinazopatikana hivyo hupoteza majina ya mafaili na folda zake. Tarehe inaweza kusomwa katika taarifa za Exif zilizoandikwa na kamera ndani ya picha, lakini haiaminiki ikiwa saa ya kamera haikurekebishwa.

Diski za SSD zenye amri ya TRIM ni ngumu zaidi, kwani nafasi ya faili lililofutwa husafishwa mapema.

Hatua za kazi

* Kutengeneza nakala kamili ya diski au kadi, na kufanyia kazi nakala hiyo.
* Kuhifadhi picha zilizopatikana kwenye kifaa kingine, si kile kinachochunguzwa.
* Kuzima diski inayotoa sauti ya kugonga na kuipeleka kwa fundi, maana kila jaribio laweza kuiharibu zaidi.

Katika tovuti zilizofungwa

Kampuni ya Yahoo ilifunga GeoCities mwaka 2009, ingawa watu wa kujitolea wa Archive Team walinakili sehemu ya kurasa zake kabla hazijatoweka. Kurasa za zamani hutafutwa pia katika Wayback Machine ya Internet Archive, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001. Hata hivyo, albamu zilizofungwa kwa nywila kwa kawaida hazimo. Mwaka 2019 Myspace ilitangaza kwamba picha, video na muziki uliopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda vimepotea wakati wa kuhamisha seva.

Kinga

Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuwa na nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa mahali pengine. CD huchakaa kwa joto na mwanga, kwa hiyo nakala huhamishwa kila baada ya miaka kadhaa.

Programu hurudisha picha, lakini haiwezi kurudisha majina ya waliomo. Hayo huulizwa wazee na kuandikwa mapema, wangali hai.