Sheria ya Nchi na Sheria ya Moyoni



Wasikilizaji wapendwa, ninyi mliokusanyika mbele ya redio pamoja na katekista wenu, katika somo lililopita tulieleza amri ya saba, ile inayotukataza kuiba. Huenda baada ya somo lile mmoja wenu alijiuliza hivi: Serikali ina sheria zake, Kanisa lafundisha amri za Mungu, na wazee walituachia desturi zao. Je, nchi yaweza kukaa kwa amani kwa sheria ya serikali peke yake? Leo twataka kujibu swali hilo kwa kuitazama historia ya nchi yetu ya Kivu, na hasa ya mji wa Goma.

Hapo kale, kabla Wazungu hawajafika, babu zetu hawakuwa watu wasio na sheria. Mwami na wazee waliketi barazani, wakaamua mashauri ya mashamba, ya mahari na ya damu iliyomwagika. Sheria hiyo haikuandikwa kitabuni, lakini watu waliijua. Na mtu aliyetaka kuapa kwa uongo aliiogopa mizimu, hata pale ambapo jirani hakumwona. Desturi nyingine zilikuwa njema, nyingine zilimdhulumu mnyonge. Lakini jambo moja tulishike: sheria na dini zilikaa nyumba moja, na hofu ya asiyeonekana ilimlinda jirani hata gizani.

Mwaka 1885 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alijitwalia Kongo, na mwaka 1908 nchi ikawa koloni la Ubelgiji. Sheria mpya ikaja, imeandikwa kwa lugha ya kigeni, nayo ilifuatana na askari na kiboko. Mwaka 1906 serikali ya Leopold ilifanya mapatano na Baba Mtakatifu, kwamba misioni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Kwa njia hiyo watoto wengi walijifunza kusoma, nasi twamshukuru Mungu. Lakini tuseme kweli: watu wengi walimwona padri na Bula Matari kuwa ndugu wa tumbo moja, na wengine walikuja kanisani kwa kumwogopa mtawala kuliko kwa kumpenda Mungu. Imani iliyoegemea kiboko huanguka siku kiboko kinapowekwa chini.

Tuone mfano. Tarehe 4 Aprili 1950 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri ya kukataza ndoa mpya za wake wengi. Kanisa nalo tangu mwanzo hufundisha kwamba ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja. Basi, sheria ya nchi na mafundisho ya dini zilisema neno moja. Je, wanaume wote waliacha? La, hawakuacha. Wengi walioa mke wa pili kwa siri, na mwanamke yule akakosa heshima ya desturi na pia ulinzi wa serikali. Sheria ilikuwa imewafikia wanaume wale mlangoni, lakini haikuingia moyoni; na aliyeumia ni mwanamke asiye na hatia.

Baadaye nchi iliona jambo lililo kinyume cha hilo. Mwaka 1972 serikali ya Rais Mobutu ilikataza majina ya Kikristo. Kardinali Malula wa Kinshasa alilazimika kuiacha nchi yake kwa muda na kukaa Roma. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika sikukuu za taifa, na mwisho wa mwaka huo shule za misioni zikatwaliwa. Wakristo walifanya nini? Hawakushika silaha. Walilipa kodi, wakatii mengine yote, lakini nyumbani na kanisani wengi waliendelea kuitana kwa majina yao ya ubatizo. Mwaka 1977 serikali ilizirudisha shule mikononi mwa Kanisa, kwa kuwa yenyewe ilishindwa kuziendesha vema. Hapo twajifunza kwamba sheria haiwezi kuing'oa imani iliyokwisha kutia mizizi. Mitume nao, walipokatazwa kuhubiri, waliliambia baraza la Wayahudi kuwa yawapasa kumtii Mungu kabla ya wanadamu.

Sasa tumtazame mtu wa Goma yenyewe. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisomea sheria katika chuo kikuu cha mji huo, naye alikuwa mwanachama wa jumuiya ya Sant'Egidio, akiwahudumia watoto wa barabarani. Mwaka 2007 alikuwa mkaguzi katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba vyakula vilivyoharibika havivuki mpaka na kufika sokoni. Ukaja mchele ulioharibika. Wenye kuutaka upite walimpa mlungula, akaukataa. Walimbana tena na tena. Akasimama pale pale. Mwezi wa Julai mwaka ule alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26 tu.

Wapendwa, angalieni jambo hili. Sheria ya kukataza chakula kibovu ilikuwako. Mhuri na ofisi vilikuwako. Hata hivyo, mchele ule ungepita kama mtu mmoja angefumba macho, na jioni ile mama fulani angewapikia watoto wake sumu bila kujua. Kilichouzuia ni dhamiri ya kijana aliyejua kwamba Mungu anamwona.

Pengine mtu atauliza: Alikufa kwa ajili ya mchele, mbona Kanisa lamwita shahidi wa imani? Jibu ni hili: aliwalinda maskini asiowajua kwa sababu alimpenda Kristo aliye ndani yao. Mwaka 2023, mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko aliwasimulia vijana habari zake. Na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa kuwa Mwenyeheri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo. Mji wake ulikuwa katika majonzi wakati huo, kwa kuwa mwezi wa Januari mwaka uo huo waasi wa M23 walikuwa wameuteka kwa vita. Watawala wa Goma walibadilika, lakini amri ya kutomwibia na kutomwua jirani haikubadilika hata siku moja.

Basi tukumbuke. Sheria ya nchi ni ua wa kulinda shamba, nasi yatupasa kuiheshimu pale inapokuwa ya haki. Lakini ua bila nguzo huangushwa na mbuzi mmoja, na nguzo ni dhamiri za watu. Wewe uliye mwamuzi wa mashauri kijijini, usiuze hukumu kwa pombe. Wewe mwenye kupima maharagwe sokoni, usibonyeze kipimo chako. Wewe unayelima kando ya shamba la mjane, usisogeze mpaka usiku. Askari hayupo hapo, lakini Mungu yupo.

Maswali ya kujibu pamoja na katekista:

1. Kwa nini amri ya mwaka 1950 haikutosha kuzibadili ndoa za watu?
2. Ni lini Mkristo aweza kukataa sheria ya watawala, naye akatae kwa namna gani?
3. Katika kijiji chetu, ni kosa gani ambalo wote wanalijua na hakuna anayelikataa?

Tusali: Ee Mungu mwenye haki, uiandike sheria yako mioyoni mwetu, ili jirani yetu alale salama hata usiku usio na mlinzi. Mwenyeheri Floribert, utuombee. Amina.