Hola 1959: Wakoloni walivyojificha nyuma ya ‘baada ya’

TAASISI ikikumbwa na kashfa siku hizi, msemaji wake hukimbilia kutoa taarifa. Maneno yake tumeyazoea: ‘kisa cha kusikitisha’, ‘uchunguzi unaendelea’, ‘makosa yalifanyika’. Wapo wanaodhani kwamba ufundi huu wa kusafisha jina umeletwa na mitandao ya kijamii. Sivyo. Hapa Kenya una historia ndefu, na kisa cha Hola kinatosha kuwa ushahidi.

Mnamo Machi 3, 1959, mahabusu wa Mau Mau katika kambi ya Hola, Tana River, walitolewa nje wakafanye kazi. Mpango ulioidhinishwa na wakubwa ulikuwa kwamba wakikataa walazimishwe. Askari wa kambi waliwashambulia kwa marungu na watu 11 wakapoteza maisha. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema nini? Eti mahabusu walikufa baada ya kunywa maji ya gari la tangi!

Hebu tuitazame kauli hiyo kwa jicho la sarufi. Kwanza, kitenzi ‘kufa’ hakimhitaji mtenda. Tukisema ‘waliuawa’, msikilizaji atauliza papo hapo: na nani? Tukisema ‘walikufa’, swali hilo halizuki. Pili, ‘baada ya’ hutaja mfuatano wa wakati tu, haitaji sababu. Serikali haikusema kwamba maji yaliwaua. Ilimwachia msomaji aunge mwenyewe maji na mauti. Huo ndio uongo mgumu kuunasa, kwa maana kila neno likichukuliwa peke yake lina utetezi wake.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kipigo, na hakimu aliyechunguza vifo hivyo akakubali kwamba vilitokana na kupigwa. Suala hilo lilifika bungeni London, ambako Julai 27, 1959, Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe, aliikosoa vikali serikali ya chama chake. Taarifa ya maji ikawa aibu kuliko kimya.

Je, wakoloni walijifunza? Walichofanya ni kubadili jina la mahali. Hola ikaitwa Galole. Funika kombe mwanaharamu apite! Lakini jina la Hola lilirejea, na leo ndilo la makao makuu ya Kaunti ya Tana River, huku Galole likibaki jina la eneobunge.

Miaka 54 baadaye, Juni 6, 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alitangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Alikiri kwamba Wakenya waliteswa na utawala wa kikoloni, akaeleza majuto ya serikali yake, lakini akakana kwamba inawajibika kisheria. Mfalme Charles III alipozuru Kenya mwaka 2023 alieleza huzuni na majuto makubwa. Msamaha rasmi hakuomba.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuona kilichofichika. Neno moja la Kiingereza hutumiwa kumfariji mfiwa na pia kuomba msamaha. Sisi tuna mawili. Anayekwambia ‘pole’ anashiriki uchungu wako, hata kama hahusiki nao. Anayekwambia ‘samahani’ au ‘niwie radhi’ anabeba lawama. Wazee wa Mau Mau walipewa ‘pole’ nzito, tena yenye pesa. ‘Niwie radhi’ bado wanaisubiri, na wengi wao wamezikwa bila kuisikia.

Wanahabari na watafsiri wetu wana funzo hapa. Kauli ya kutendeka ni hazina ya lugha yetu: kikombe kimevunjika, mlango umefunguka. Lakini msemaji anaposema ‘makosa yalitendeka’ au ‘risasi zilifyatuka’, tusinakili tu. Risasi haijifyatui. Tumuulize nani alifyatua, na kwa amri ya nani.

Na tukisoma kwamba watu walikufa ‘baada ya’ jambo fulani, tukumbuke maji ya Hola.