Bastola Ndefu ya Shabaha na Kipimo cha Sheria

Miongoni mwa silaha za moto, ni chache zilizo mbali na vita kama bastola ndefu ya shabaha. Haikuundwa kumpiga mtu wala mnyama. Mtutu wake hauenei mfukoni wala hauchomoleki upesi kiunoni. Mpini wake huchongwa kufuata kiganja cha mtu mmoja, hata mwingine akiushika huona kuwa umemkataa. Aghalabu hupokea risasi moja tu. Ikiisha kupigwa, sharti ifunguliwe na kupakiwa upya kwa mkono. Hata hivyo, historia ya chombo hiki katika Uingereza ilikatwa na msiba ambao chenyewe hakikuwamo, na jinsi ilivyokatwa yastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa waliolia katika jambo hili hawakulia kwa uzito mmoja.

Chanzo chake ni risasi. Katika mwaka 1845 fundi Flobert wa Paris alitwaa fataki, akapachika kirisasi cha mviringo mdomoni mwake, akapata kitu chenye nguvu haba kiasi cha watu kuweza kulenga shabaha ndani ya sebule zao. Mwaka 1857 Smith & Wesson wa Marekani walirefusha ganda na kutia baruti; na mwaka 1887 kiwanda cha Stevens kikatoa risasi ambayo hata leo ndiyo itumiwayo kuliko zote katika mazoezi ya shabaha. Kipenyo chake ni karibu milimita 5.6. Dawa ya kuwashia baruti haikai katikati ya kitako cha ganda, bali imetandazwa ndani ya ukingo wake, na nyundo hupiga ukingo huo. Kwa hiyo yafaa kuiita risasi ya ukingo. Ganda likiisha kupigwa halifai tena. Lakini bei yake ni ndogo, mshindo wake ni mdogo, wala haurushi mkono, na mtu aweza kupiga mamia kwa siku bila kuchoka wala kufilisika.

Kwa nini basi risasi dhaifu hivi ikapewa mtutu mrefu? Wengi hudhani kuwa urefu ni nguvu. Sivyo. Urefu ni kwa ajili ya jicho. Mlengaji hulinganisha alama mbili, moja ya nyuma karibu na mkono na moja ya mbele kwenye ncha ya mtutu. Tuseme nafasi kati ya alama hizo ni sentimita 20, na ya mbele imepotoka kwa sehemu ya kumi ya milimita, yaani kama unene wa unywele. Katika shabaha iliyo umbali wa mita 50, risasi itakwenda upande kwa milimita 25. Nafasi hiyo ikiwa sentimita 40, kosa lile lile hupungua hadi milimita 12 na nusu. Duara la katikati, lenye alama kumi, lina upana wa milimita 50. Kwa hiyo unywele mmoja humtupa wa kwanza ukingoni mwa duara, na wa pili bado yumo. Urefu nao una adhabu yake: risasi hukawia zaidi ndani ya mtutu, na mkono ukitetemeka katika kitambo hicho, hutetemeka pamoja nayo. Mafundi walitafuta mizani kati ya mambo haya mawili kwa vizazi kadhaa.

Mizani hiyo waliipata zaidi viwandani mwa Hämmerli, katika mji wa Lenzburg nchini Uswisi, na katika mji wa Tula nchini Urusi. Maendeleo yake yasomeka katika alama za Olimpiki. Mshindani alipiga risasi 60 kwa mkono mmoja usioegemezwa, na jumla kamili ilikuwa 600. Torsten Ullman wa Sweden alipata 559 Berlin mwaka 1936. Miaka 24 ikapita ndipo Aleksey Gushchin akapata 560 Roma, yaani nyongeza ya alama moja. Mwaka 1980 Aleksandr Melentiev alifikisha 581 Moscow, na hapana aliyeivuka hadi mwaka 2014, Jin Jong-oh wa Korea ya Kusini alipopata 583. Michezo michache huonyesha wazi hivi jinsi mwanadamu anavyopanda polepole akikaribia mwisho wa uwezo wake.

Tarehe 13 Machi 1996, mtu mmoja aliingia katika shule ya msingi ya Dunblane, Uskoti, akaua watoto 16 pamoja na mwalimu wao. Alikuwa na bastola nne, zote amezimiliki kwa idhini ya sheria. Hakuna hata moja iliyokuwa ya risasi ya ukingo, wala ya kupakia risasi moja moja. Jaji Cullen, aliyechunguza msiba huo, alielekeza mapendekezo yake katika bastola za kupiga risasi nyingi mfululizo. Sheria ya kwanza ya mwaka 1997 ilikwenda mbali kuliko yeye: ilikataza silaha yoyote yenye mtutu uliopungua sentimita 30, au yenye urefu wote uliopungua sentimita 60, lakini ikasamehe bastola za risasi ndogo ya ukingo, kwa sharti ziwekwe katika vyama vyenye ulinzi. Baada ya uchaguzi wa mwaka huo serikali ilibadilika, na sheria ya pili ikafuta msamaha huo. Bastola zipatazo 162,000 zilisalimishwa kwa ajili ya sheria hizo mbili.

Wazazi wa Dunblane hawakuwa na wajibu wa kupambanua mitutu. Aliyezika mtoto wa miaka mitano hawezi kuombwa asome orodha za viwanda. Bunge lilitafuta kipimo kisichobishaniwa, na sentimita haibishaniwi; kisichofichika katika koti si rahisi kuingizwa darasani. Katika hilo sheria ilikuwa na hoja yenye nguvu. Lakini kipimo hakiulizi nia. Mtutu wa Hämmerli ulikuwa karibu sentimita 29. Bastola ya Webley & Scott ya Birmingham, ya kupakia risasi moja, iliyoanza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, ilikuwa na mtutu wa sentimita 25. Vyombo virefu kuliko vyote vya aina yake vikahesabiwa kuwa vifupi. Wakati huo huo bastola zishindiliwazo mdomoni kwa namna ya gobori, zenye risasi nzito ya kutoboa ubao, zilibaki nje ya katazo, kwa kuwa upakiaji wake ni wa polepole.

Wakusanyaji walipatwa na jambo la ajabu zaidi. Sheria iliwaruhusu kuweka nyumbani bastola za kale zilizoundwa kabla ya mwaka 1919, ikiwa risasi zake hazipatikani tena kwa urahisi. Bastola kubwa ya askari, yenye risasi iliyosahauliwa, yaweza basi kukaa katika kabati la mzee mpenda historia. Ile ndogo ya Webley haiwezi, maana risasi yake yauzwa kila mahali. Unyonge na urahisi wa risasi ile, uliokuwa fadhila yake kwa miaka mingi, ukageuka kuwa hatia.

Waliobaki katika mchezo walitafuta njia ndani ya maneno ya sheria. Walifunga mtutu wa sentimita 30 katika bastola za risasi ya ukingo, na nyuma ya mpini wakaunga fimbo ya chuma iuandamayo mkono, mpaka jumla ikafika sentimita 60. Fimbo hiyo sharti iungwe daima, kwa kuwa kitako kinachotoka au kukunjika hakihesabiwi. Chombo hicho si kizuri kukitazama, na wapo wanaokicheka. Kicheko hicho si haki. Mwenye nia mbaya hangejisumbua kurefusha silaha yake. Fimbo ile ni alama ya watu waliotaka kutii na kuendelea.

Wapigaji hodari wa Uingereza walilazimika kufanya mazoezi ng'ambo, na ilihitajika ruhusa maalumu ili mashindano ya bastola ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2002, yaliyoandaliwa na Manchester, yafanyike katika viwanja vya Bisley. Katika Ireland ya Kaskazini katazo hilo halikufika. Olimpiki nayo iliiacha shabaha ya bastola ya mita 50 baada ya Rio ya mwaka 2016, ambako Jin alishinda mara ya tatu mfululizo.

Sheria iliacha mlango mmoja mwembamba: bastola yenye thamani ya pekee kwa uchache, uzuri, ufundi au historia yake yaweza kuhifadhiwa mahali palipoteuliwa, na kupigwa papo hapo. Bisley ni mojawapo ya mahali hapo. Mwenyewe huenda huko, hupewa bastola yake, hulenga, kisha huiacha nyuma ya kufuli na kurudi kwake mikono mitupu.