Anayeanza kukata nakshi za mbao achunge ubapa

WENGI wanaoanza kukata nakshi kwa msumeno mdogo wa umeme wa mezani huhangaikia ukubwa wa mashine. Heri wahangaikie ubapa, au bledi kama wasemavyo mafundi. Ubapa huo ni mwembamba mno, una urefu wa inchi 5 hivi, na hupanda na kushuka mahali pamoja huku mikono ikizungusha ubao. Ndiyo maana hupita katika mapindo yanayoshinda misumeno mingine.

Meno yake sharti yaelekee chini. Yakielekea juu, ubao hurukaruka mezani. Ubapa ukilegea hupotoka, na ubao ukisukumwa kwa pupa ubapa hukatika. Anayeanza atavunja kadhaa, wala asivunjike moyo.

Ili kutoa kipande cha ndani, mathalani katikati ya herufi O, ubao hutobolewa kwa keekee, ubapa ukafunguliwa upande mmoja, ukapenyezwa tunduni na kukazwa tena. Plaiwudi ya milimita 6, iliyobandikwa karatasi yenye mchoro, yatosha kwa mazoezi.

Mashine zilizoundiwa soko la Marekani hutumia umeme wa volti 120, ilhali wa Kenya ni 240. Kuichomeka bila transfoma ni kuiunguza. Asiye na umeme aweza kutumia msumeno wa mkono wenye fremu kama upinde, ambao hukata unapovutwa chini.

Mashine hii haitishi kama msumeno wa duara, lakini vumbi lake ni laini. La mvule huwasha ngozi na kudhuru mapafu, hivyo barakoa ni lazima hata kwa kipande kimoja.