Historia Iliyo Jirani

Mwanafunzi wa Garsen aghalabu hudhani kuwa historia ya siku hizi ni mambo ya Ulaya tu. Lakini mwaka 1890, kwa mkataba uliotiwa saini Berlin, Ujerumani iliiachia Uingereza ulinzi wa Witu, nchi iliyo jirani na Garsen, nayo ikapata kisiwa cha Heligoland. Wenyeji wa Witu hawakuulizwa. Basi historia ya Ulaya ilikwisha fika hata Tana.

Liko somo zito kuliko hilo. Toka Agosti 2012 hadi Januari 2013 palikuwa na mapigano katika delta ya Tana, hasa baina ya Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji, na watu zaidi ya 100 walikufa. Watoto wa pande zote mbili huketi katika darasa moja. Je, mwalimu anyamaze? La. Jambo lisilofundishwa shuleni hufundishwa nyumbani, na kila nyumba ina upande wake.

Mwalimu hana budi kutafuta sababu kabla ya kutafuta mkosaji. Mkulima ataka ukingo wenye rutuba. Mfugaji ataka njia ya kunyweshea ng'ombe wakati wa kiangazi. Na mto ni mmoja. Kisha kila mwanafunzi aandike hoja za upande wa mwenzake, kwa haki, mpaka mwenzake akiri kwamba ndizo. Awezaye kufanya hivyo amejifunza historia. Asiyeweza amehifadhi tarehe tu.